Uwanja mdogo ndio unaouza tiketi ya msimu

Kazi yangu ni viti: nauza tiketi za msimu, yaani mtu analipa mara moja na kupata kiti kwa mechi zote za nyumbani za msimu mzima. Wengine wakiingia uwanjani wanaona nyasi na magoli, mimi naona ramani ya vijisanduku: kijani kimeuzwa, njano kimeshikwa, chekundu hakiuziki. Miaka yote hii nimejifunza kuogopa chekundu kuliko kitu kingine chochote, na sababu nitaieleza mbele.

Juzi kijana mmoja anayeanza kazi hii alinipigia. "Shikamoo bosi. Klabu ikifa, ikafufuliwa, halafu ikawekwa kwenye kauwanja ka kuazima, nani atatoa hela ya msimu mzima? Si watu watasubiri uwanja mpya ujengwe?" Nikamjibu marahaba, kisha nikamwambia afungue daftari tuzungumze habari za San Jose.

San Jose iko kaskazini mwa California, jirani na kampuni zote zile za kompyuta. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi kuu ya Marekani, MLS, ilichezwa hapo tarehe 6 Aprili 1996. Timu, wakati huo ikiitwa Clash, ilishinda 1-0 kwa bao la Eric Wynalda. Baadaye ikapewa jina la timu ya zamani ya mji huo, Earthquakes, yaani matetemeko, ikabeba ubingwa 2001 na 2003. Mwaka 2005 ilimaliza na pointi nyingi kuliko timu zote. Desemba ya mwaka huohuo ikahamishwa. Wachezaji na kocha wakapelekwa Houston, Texas, kwa sababu hapakuwa na mpango wa uwanja wake yenyewe. Mji ukabaki na jina, rangi na kumbukumbu za mataji.

Fikiria uchungu wake. Umebakiwa na kabati la makombe, huku vijana uliowashangilia wakivaa rangi ya chungwa ya Houston na kutwaa ubingwa 2006, wakarudia 2007. Kama kuna kitu kinachopandisha hamu ya tiketi, ni hicho. Mtu aliyenyang'anywa timu hanunui tiketi kwa ajili ya mpira peke yake. Analipia uhakika kwamba safari hii haiondoki.

Julai 2007 ligi ikatangaza kwamba Earthquakes wanarudi uwanjani msimu wa 2008, chini ya Lew Wolff na John Fisher, waliokuwa wakimiliki pia timu ya besiboli ya Oakland A's. Timu ipo, kocha Frank Yallop amerudi, uwanja hakuna. Wakapewa nafasi Buck Shaw, uwanja wa Chuo Kikuu cha Santa Clara uliofunguliwa 1962 kwa ajili ya ile futiboli yao ya kofia ngumu. Ukaongezewa majukwaa hadi kufikia viti kama 10,500. Kwa ligi kuu ya nchi tajiri, hiyo ni sebule.

Hapo ndipo kijana wangu aliponikatiza: "Umeona sasa?" Nikamwambia tupige hesabu kwanza.

Chukua viti 10,500. Namba zinazofuata ni zangu za mfano, lakini kila mwenye kazi hii atazitambua. Toa vya wadhamini, vya familia za wachezaji, vya mwenye uwanja, vya wageni, na vyekundu vyote ambavyo mtu akikaa haoni kona. Tuseme vimebaki 9,000. Ukiuza vyote kwa msimu umejifunga mwenyewe: hakuna mjomba atakayemleta mpwa wake mara ya kwanza, na mtu asiyekuja mara ya kwanza hatakuja ya pili. Kwa hiyo unaweka kikomo, tuseme 7,000. Vinabaki 2,000 kwa kila mechi, kwa mji mzima.

Shabiki naye anapiga hesabu hiyohiyo kichwani, tena bila kalamu. Kwenye uwanja wa watu 60,000 hana haraka. Mvua ikinyesha analala, timu ikipoteza mbili mfululizo anaangalia kwenye runinga, akiamua kwenda dakika ya mwisho kiti kipo. Tiketi ya msimu ya nini? Kwenye uwanja wa viti 10,500 akichelewa anabaki nje ya geti anasikiliza kelele. Wa Dar es Salaam hawahitaji maelezo marefu hapa: Mkapa ulipofungwa kwa ukarabati na Simba na Yanga zikahamia Chamazi na KMC, kila mtu aliona tofauti ya kutoka viti 60,000 kwenda vichache namna ile. Tiketi ya msimu ni bima, na bima hainunuliwi pale ambapo hakuna cha kuogopa.

Lakini usidanganyike na foleni. Klabu inayofufuka huanza kwa kukusanya kishika uchumba: toa kiasi kidogo, jina lako liandikwe, ukighairi unarudishiwa. Nimeshuhudia viongozi wakitangaza idadi ya vishika uchumba kana kwamba ni mauzo. Si mauzo. Mmoja kaandika viti vinne, akija kulipa analipia viwili kwa sababu shemeji kabadili mawazo. Mwingine kaandika kwa furaha ya siku ile, na namba yake ya simu haipatikani tena. Ninachokiangalia mimi ni siku ya kuchagua kiti. Anayekuja na kubishana kwamba anataka safu ya nane na si ya tisa, huyo ni mteja. Anayesema "popote tu" bado hajaamua.

Kosa langu kubwa lilitokea kwenye majukwaa ya muda kama hayo, kwa klabu ambayo sitaitaja. Ramani niliyopewa ilichorwa kabla kichanja cha kamera hakijajengwa. Nikauza viti kumi na viwili vya msimu nyuma yake. Mechi ya kwanza tu, mzee mmoja akaja dirishani na kanzu yake safi, tiketi ameikunja vizuri mfukoni. "Mwanangu, nimelipia kuona mpira au kuona mgongo wa kijana wa kamera?" Sikuwa na jibu. Uwanja ulikuwa umejaa pomoni, hapakuwa na kiti cha kumhamishia, na ndiyo hatari ya uwanja mdogo: hauna pa kuficha makosa. Nilimpa kiti changu, nikasimama msimu mzima. Tangu siku ile sikubali kuuza jukwaa la muda kabla sijakaa mwenyewe kila kona, kitako kwenye kiti.

Turudi California. Earthquakes hawakucheza kila mechi Buck Shaw. Zile kubwa walizipeleka Oakland Coliseum, wakati huo nyumbani kwa A's, na Galaxy ya Los Angeles ilipokuja huko 2008, enzi za David Beckham, waliingia karibu watu 40,000. Ujanja mzuri kwa mapato ya getini. Kwa mwenye tiketi ya msimu una ladha mbili: mechi kubwa ipo kwenye kitabu chake, lakini kiti alichokipigania hakipo, na anakalishwa mbali kwenye bakuli la besiboli na mtu aliyenunua jana.

Ujanja huo pia unavuruga takwimu. Wastani wa watazamaji wa 2008 ulipita 13,000, juu ya uwezo wa Buck Shaw wenyewe. Mwaka 2010 ukashuka chini ya 10,000. Asiyejua atasema mashabiki wamekimbia. Anayejua atauliza kwanza mechi ngapi zilichezwa wapi. Ndiyo maana wastani peke yake haunishawishi. Nipe idadi ya waliolipia msimu wa pili baada ya msimu mbaya wa kwanza, hapo nitakwambia klabu ina watu au ina wapita njia.

Na "muda" wenyewe! Buck Shaw ulikuwa wa kushikiza tu, ukatumika misimu saba, 2008 hadi 2014. Uwanja mpya ulipangwa kujengwa karibu na uwanja wa ndege wa San Jose, palipokuwa kiwanda kilichounda magari ya kivita. Oktoba 2012 walialika watu kuja na koleo kuanza kuchimba, wakajitokeza 6,256 na kuvunja rekodi ya dunia. Sherehe ikaisha, mafundi wakaingia, wakakuta chini ya ardhi kuna mahandaki na zege la zamani ambalo halikutarajiwa. Ufunguzi ukasogezwa mbele.

Kwa bahati, mwaka huohuo timu ilikuwa moto. Chris Wondolowski alifunga mabao 27, sawa na rekodi ya ligi wakati huo, na timu ikamaliza na pointi nyingi kuliko zote, ikiwa bado inaishi kwenye sebule ya chuo. Juni 2012 waliipeleka Galaxy uwanja wa Stanford mbele ya watu zaidi ya 50,000, wakashinda 4-3. Watu 50,000 kwa siku moja, na wiki nyingine 10,500. Ukiwa na pengo kama hilo, tatizo lako ni viti.

Uwanja mpya ulioigharimu klabu takribani dola milioni 100 ulipokea mechi yake ya kwanza ya ligi Machi 2015. Nani angeshangaa wangejenga wa 40,000, kwa kuangalia Stanford? Hawakujenga. Walijenga wa viti 18,000.

Kijana akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama wale wa Buck Shaw walistahili kuchagua viti kwanza. Nikamwambia aandike hilo kwenye mkataba wake kabla hajauza kiti hata kimoja, na aende leo jioni akakae nyuma ya kichanja cha kamera.