Riwaya ya bendi ya roki: yanayodhaniwa na yanayotokea

Anayeanza kuandika riwaya ya bendi ya roki inayofanya mazoezi kwenye banda la Ngarenaro, Arusha, huja na mambo fulani ameshayaamini. Baadhi huua mswada kabla ya sura ya tatu.

"Bendi huvunjwa na mapenzi na pombe."

Vyote vipo, ila ni petroli tu. Kiberiti mara nyingi ni mgawo wa pesa. Tuseme wamepiga Moshi kwa shilingi 600,000. Gari la kubeba vyombo kutoka Arusha, kilomita 80 hivi, kwenda na kurudi: 120,000. Fundi mitambo 60,000, chakula 30,000. Zinabaki 390,000. Wakigawana watano sawa kwa sawa, kila mtu anapata 78,000. Sasa mwenye dramu na amplifaya anadai fungu la pili kwa ajili ya vyombo vyake. Mafungu yanakuwa sita ya 65,000. Yeye anaondoka na 130,000 na kila mwenzake amepungukiwa 13,000.

Hiyo 13,000 ndiyo sura yako. Usiandike "waligombana kuhusu pesa". Zitandaze noti juu ya boneti ya Noah, saa nane usiku pale Boma Ng'ombe, mmoja ahesabu na wengine watazame vidole vyake. Mpiga besi anayesema "poa tu, kaka" ndiye atakayekosa mazoezi Jumanne. Na mwenye vyombo asiwe mwizi: ngozi ya dramu ikipasuka, mfuko unaotoboka ni wake. Ugomvi unanoga pale kila upande una haki yake.

"Aliyeimba ndiye mwenye wimbo."

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi huzaliwa kazi inapotungwa, bila kusubiri usajili. Hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wakitunga wawili, miaka hiyo huhesabiwa tangu afe wa mwisho. Waimbaji na wapigaji wana hakishiriki, yaani haki ya anayetumbuiza, katika onyesho lao, na hilo ni jambo lingine.

Mwandishi achungulie kwenye ufa. Mwimbaji kaleta maneno na tuni, mpiga solo kaongeza kile kipande cha mwanzo ambacho mashabiki hukipigia mluzi kabla hata sauti haijaingia. Ametunga au amepamba? Mazoezini hakuna anayeuliza. Huulizwa siku wimbo unapoanza kulipa. Jina la bendi nalo halilindwi na hakimiliki. Mmoja akienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kimyakimya kulisajili kama jina lake la biashara, umepata sura nyingine.

"Bendi hufa kwa ugomvi mmoja mkubwa."

Tazama muziki wetu wa dansi. Ndugu Wilson na George Kinyonga, watu wa Tanga, walipiga Arusha na bendi ya Arusha Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha wakahamia Kenya, ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wapigaji, akiwemo mpiga ridhimu Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga, liliondoka kwa pamoja na kuunda Les Wanyika. Waliondoka na sehemu ya jina!

Watu hawaondoki pamoja bila kukaa kwanza. Kwa riwaya, kikao hicho kina uzito kuliko siku ya kuondoka: nani aliambiwa, nani alirukwa, nani aliambiwa akanyamaza.

"Mpiga gita huongeza sauti kwa kiburi."

Wapo wa hivyo. Wengi, hata hivyo, hawajisikii. Spika imewekwa chini, inampigia magotini. Sauti kali zinapita, yeye anasikia butu, anaongeza. Walio mbele zinawachoma masikio. Mwimbaji naye anaomba monita, spika inayomrudishia sauti yake, ipandishwe, maiki inanasa sauti ya monita hiyohiyo, mluzi unalia ukumbi mzima. Anabaki kupaza koo, na kufikia wimbo wa sita sauti imekauka. Dawa ni tofali moja chini ya ukingo wa mbele wa spika, imwelekee masikioni. Fundi mitambo akilisema hilo mbele ya watu, mpiga gita anasikia dharau.

Ongeza baridi ya Julai: nyuzi zilizotuniwa kwenye chumba baridi hulegea zikipata joto la taa, gita linashuka, na lawama humwangukia mpiga besi.

"Kila mwanabendi apewe sura zake."

Macho ya watu wawili yanatosha kusimulia. Mpiga dramu anafaa sana: ameketi nyuma, anaona migongo yote, anajua nani ameacha kumsogelea nani.

"Roki haina soko hapa, wahamishie Nairobi."

Soko dogo ndilo linalokufaa. Jumamosi kuna harusi Kijenge, wenye shughuli wanataka kopi za bongo fleva, na kodi ya banda haijalipwa. Nani atakataa kupanda jukwaani?

"Nyimbo ziandikwe nzima."

Msomaji huziruka. Mashairi ya nyimbo za watu yanahitaji kibali, kwa hiyo tunga yako, mistari miwili ya kiitikio, uirudishe mara tatu: ikitungwa bandani, ikiimbwa kwa hasira jukwaani, na mwishoni ikilia kwenye daladala ya Sakina huku mtunzi amebanwa kiti cha nyuma, akitoa nauli.