Mdundo Kujirudia Si Kosa

Anayechoshwa na redio za taksi za Kampala ana haki ya kulalamika. Ila lawama zake mara nyingi huangukia pasipo pake.

Dhana inayovuma zaidi ni kwamba nyimbo za siku hizi zinachosha kwa sababu mdundo wake unajirudia. Basi na amadinda ya Buganda tuitupe? Marimba hayo yana vibao 12 vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na wapigaji watatu. Wa kwanza anapiga noti zenye nafasi sawa kati yake. Wa pili, aliyeketi akimkabili, anachomeka zake humo katikati. Wa tatu hana zaidi ya vibao viwili, vile vya mwisho vyenye sauti nyembamba. Mzunguko ni mfupi, nao hurudiwa na kurudiwa. Lakini noti zikishapishana kwa kasi ile, msikilizaji anaanza kusikia tuni ambayo hakuna hata mmoja kati ya watatu hao anayeipiga. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliandika kuhusu jambo hilo miaka ya 1960. Bila marudio, sikio lisingepata muda wa kuigundua tuni hiyo.

Sasa sikiliza wimbo wa kawaida wa klabu: ngoma, besi na kinanda vyote vinakubaliana tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayempinga mwenzake. Kero iko hapo.

Wengine humtwika kompyuta mzigo wote. Kompyuta hufuata inachoambiwa. Prodyuza mwenye haraka huchukua ngoma zilizokwisha pangwa ndani ya programu, akaziacha zilivyo, na mteja analipa. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, wanamuziki Otim Alpha na Leo Palayeng walitumia mashine za aina hiyo hiyo kuunda upya larakaraka, muziki wa harusi wa Waacholi, na matokeo yake yanamtoa mchezaji jasho.

Na biti moja kuimbiwa na watu kumi, je, si uvivu? Jamaika, tulikokopa ragga yetu, ni desturi ya miaka mingi. Kule biti ikishajulikana, waimbaji hushindana juu yake kwa maneno na kwa namna ya kuyapanga. Sisi tuliazima biti, ule ushindani tukauacha bandarini.