Usimtibu mtoto wa fosta kwa jina la mtoto wako, njoo tupange karatasi zake

Tangu mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, yaanze kuhimizwa tena mitaani, machifu wakiongea kwa baraza na makanisa yakitangaza, simu ya ofisi yetu ya huduma za watoto hapa Kisumu haipumziki. Swali ni moja karibu kila siku, "afisa, nimepewa mtoto wa fosta, huyu anaingia kwa SHA yangu ama haingii?" Jibu ni anaingia. Mtoto wa fosta, yaani usiyemzaa ila umekabidhiwa umlee kwa muda, akiishi kwako kwa karatasi halali na akikutegemea, anaandikwa kama mtegemezi wako sawa na wale uliowazaa. Kama umeajiriwa na unakatwa ile asilimia 2.75 ya mshahara, haipandi ati kwa sababu umeongeza mtoto. Kuna mama wa Nyalenda aliambiwa na jirani kwamba kila mtoto anakatiwa yake, akakaa miezi bila kumwandikisha. Si kweli, na tafadhali msiisambaze.

Shida iko kwa hayo maneno mawili, karatasi halali.

Barua ya chifu ni muhimu, hatuidharau, inatuonyesha kwamba unajulikana pale unapoishi. Lakini barua ya chifu haikupi mtoto. Mchungaji hakupi mtoto, nurse wa wodi ya kujifungua hakupi mtoto, na hata yule mama aliyekuachia mtoto pale steji akisema anarudi Ijumaa hajakupa mtoto. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa fosta anapitia idara ya huduma za watoto, na mara nyingi tayari kuna amri ya korti ya watoto kwa faili yake. Unatembelewa nyumbani, unahojiwa, unatia saini, unapewa nakala. Hiyo nakala ndiyo utabeba hospitali na ndiyo watu wa SHA watakuuliza. Nimesema nakala, ile orijino iache nyumbani mahali pakavu, juzi mtu alituletea iliyonyeshewa mpaka muhuri hausomeki, ikabidi tuanze safari ya kutafuta nyingine.

Nyanya anayelea wajukuu, au shangazi aliyechukua watoto wa dada yake aliyefariki, huyo sisi hatumwiti mzazi wa fosta, huo ni ulezi wa jamaa na ndio wengi wako huku Nyanza na Western. Hata hivyo njoo ofisini, usingoje. Wajukuu pia wanahitaji kuandikwa chini ya mtu, na kama nyanya hana mapato, nyumba yake inapimwa uwezo na kama haijiwezi kabisa kuna njia ya serikali kuichangia. Kwa nyumba isiyo na mshahara mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na unalipwa wa mwaka mzima, yaani 3,600. Najua hiyo si pesa kidogo kwa mtu anayeuza omena Kibuye. Ndiyo maana nasema upimwe kwanza, jibu yale maswali vile nyumba yako iko kweli, usijikweze na usijifiche, halafu ndio tujue tunaongea pesa ngapi.

Sasa cheti cha kuzaliwa. Hapa ndio watu wanakwama na hapa ndio nitakaa kidogo. Watoto wengi wanaokuja fosta hawana cheti. Mwingine aliokotwa, mwingine mama alizalia nyumbani na hakuna aliyeandikisha, mwingine cheti kilibaki kwa nyumba iliyochomeka. Watu wanafikiri mtoto wa kuokotwa hawezi kuwa na cheti kwa sababu "hana nchi". Katiba yetu, kifungu cha 14, inasema mtoto anayepatikana Kenya, ambaye ni au anaonekana kuwa chini ya miaka 8, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kwa hivyo huyo mtoto ana nchi, ni Kenya. Kinachotakiwa ni mpangilio. Ripoti inaanza polisi, unapewa nambari ya OB, ile rejista ya matukio ya polisi, andika hiyo nambari mahali usiipoteze. Mtoto anapelekwa hospitali kuangaliwa na daktari anakadiria umri. Afisa wa watoto anafungua faili na familia inatafutwa, na hii kutafuta si ya kufanya tu mbio, wakati mwingine mama anapatikana na tunashukuru. Korti inatoa amri. Amri, ripoti ya daktari na barua yetu ndizo zinaenda ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Ukiruka hatua moja unarudishwa nyuma, na ukirudishwa unalaumu sisi, kumbe ile OB ndiyo ilikuwa haipo. Nawaomba sana, msitoe mtu hongo akutengenezee cheti kinachosema wewe ndiye uliyemzaa. Hiyo ni kudanganya rejista ya serikali, ni kosa la jinai, na pia unamfuta mtoto kabila lake, jina lake na mamake, na siku akiwa na miaka 20 akikuuliza alitoka wapi utamwonyesha nini?

Wakati cheti kinangojewa mtoto hakai bila matibabu. Zahanati na vituo vya afya, zile levo 2 na levo 3, huduma ya msingi inalipwa na mfuko wa afya ya msingi, hauulizwi kama umelipa mchango, unaulizwa kama umejiandikisha. Kujiandikisha ni *147# au uende ofisi ya SHA. Kwa mtoto wa fosta mimi nakushauri uende ofisini ana kwa ana ukiwa na amri, nakala ya kumkabidhiwa na kitambulisho chako, kwa simu utazungushwa tu. Mchango uliolipwa unaanza kuulizwa ukipanda hospitali kubwa, levo 4 kwenda juu, na hapo ndipo mtu anatuita saa tano usiku akiwa kaunta ya malipo.

Na hapo kaunta ndipo linafanyika lile jambo lililonifanya niandike haya yote.

Mzazi anaona mtoto wa fosta hajaingia kwa sistimu, mtoto ana homa, yeye ana mtoto wake wa kuzaa wa umri karibu sawa, anatoa jina la huyo. Anafikiri amesaidia. Nisikilizeni vizuri kwa sababu hii imetokea mbele yangu. Mtoto wa kuzaa ana selimundu, huku kwetu selimundu ni nyumba nyingi, faili yake imejaa maumivu na kuongezwa damu. Mtoto wa fosta hana selimundu, ana homa. Analazwa kwa jina la yule mwingine, daktari anafungua faili anasoma, anaanza kumhudumia kama mtoto wa selimundu, vipimo vikirudi haviingiani na kile kilichoandikwa, wanarudia vipimo, siku nzima inaenda. Mama ako pale kando ya kitanda ananyamaza kwa sababu anaogopa bili. Alisema ukweli jioni, akilia. Mtoto alipona, namshukuru Mungu na wale madaktari, lakini sitaki tena kuona siku kama ile. Na faili ya mtoto wake wa kuzaa nayo sasa ina mambo ambayo si yake, na huyo ndiye anayeongezwa damu mara kwa mara, huyo ndiye faili yake haifai kuwa na kosa hata moja!

Upande wa sheria, kutumia bima kwa jina la mtu mwingine ni udanganyifu, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ina adhabu ya mtu anayetoa habari za uongo ili apate huduma. Haiangalii kama nia yako ilikuwa nzuri. Kituo cha afya kinachokubali mchezo huo pia kinajiweka pabaya, 2025 wizara ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya uongo, kwa hivyo karani akikukatalia usimtukane, analinda kazi yake. Kwetu sisi, tukijua mzazi wa fosta amefanya hivyo tunalazimika kuandika kwa faili, na faili ikija kuangaliwa upya hiyo itaonekana. Simwambii mtu haya ili aogope kuja. Njoo kabla mtoto augue.

Sasa wengine wanauliza, na ikiwa ni dharura na hakuna karatasi yoyote? Mpeleke. Kifungu cha 43 cha katiba kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Mtoto amegongwa na boda, mtoto anapata degedege, hiyo si saa ya kutafuta amri ya korti. Mpeleke JOOTRH, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu ambayo watu bado wanaita Russia, au hospitali yoyote iliyo karibu, sema ukweli kwamba ni mtoto wa fosta, halafu piga simu kwa afisa wako. Hospitali za umma zina ofisa wa ustawi wa jamii, uliza huyo kabla uanze kuchangisha WhatsApp, ndiye anajua njia ya msamaha wa bili. Simu ya 116, ya msaada kwa watoto, ni ya bure na inapokelewa usiku na mchana, usiseme hukujua umpigie nani.

Kitu kingine ni saini. Kupeleka mtoto kliniki, kumpa dawa ya malaria, kung'olewa jino bovu, hiyo ni kazi yako ya kila siku kama mlezi, usitupigie. Opereshini ya kupangwa, dawa ya usingizi, matibabu ya kumpeleka kaunti nyingine kwa wiki kadhaa, hizo tuambie mapema kwa sababu mara nyingi mzazi wa kuzaa bado yuko na bado ana sauti kisheria. Kumtoa nje ya Kenya, hata kama ni kuvuka tu Busia kwenda kumwona daktari mzuri Kampala, huwezi bila ruhusa. Hii watu huona kama tunawasumbua, ati mpaka ni hapo tu. Mpaka ni mpaka.

Mtoto akifika kwako wiki ya kwanza, mpeleke akaangaliwe mwili wote, usingoje akohoe. Beba kile kitabu cha mama na mtoto kama kipo. Kama hakipo na unajua alikotoka, tutauliza kliniki ya huko, rejista zao huwa zinaweka. Kama hajulikani alikotoka, nurse ataangalia kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko na atakupangia chanjo zilizobaki. Surua ni miezi 9 na tena miezi 18, hiyo ya pili ndiyo inasahaulika sana. Chanjo ya malaria imekuwa ikitolewa huku kwetu tangu 2019, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Bungoma, Kakamega na Vihiga, mtoto anaanza akiwa na miezi 6, na haiondoi neti, lazima alale kwa neti. Vitamini A kila miezi sita mpaka afike miaka 5. Uliza kipimo cha selimundu pia, usingoje vidole vivimbe.

Kipimo cha HIV kinafanywa kwa ushauri na idhini, si cha kumvuta mtoto kwa siri kwa sababu jirani amesema mamake "aliugua ule ugonjwa". Ikiwa mtoto anatumia ARV, yaani dawa za HIV, dawa ni za bure na tutakuambia wewe mlezi kwa sababu wewe ndiye unampa. Wewe usimwambie mwalimu wa darasa, usimwambie kikundi cha chama, usimwambie hata dada yako. Sheria ya 2006 ya HIV inakataza kutangaza hali ya mtu, na ukiacha sheria, mtoto ambaye tayari alihamishwa nyumba mara tatu hatakiwi kuhama shule pia kwa sababu ya mdomo wa mtu mzima.

Wale wenye watoto sekondari, ile bima ya EduAfya iliyokuwa inalipia matibabu ya wanafunzi wa shule za umma ilisimama mwisho wa 2023, bado napata wazazi wanaoitegemea. Mwandikishe kwa SHA yako.

Na kuna siku mtoto anarudi kwao, fosta si ya milele. Wengi mnampa nguo, mnampikia kuku, mnalia, halafu karatasi za hospitali zinabaki kwa droo yako Manyatta huku mtoto yuko Nyakach bila dawa. Mpange na dawa za kutosha mpaka kliniki inayofuata, chukua barua ya kuhamishwa kliniki, kitabu cha chanjo kiende na yeye, na uje ututajie tarehe ili atolewe kwa SHA yako na aandikwe kwa ya familia inayompokea. Yule anayempokea aje naye siku hiyo hiyo kama anaweza, tunafungua saa mbili asubuhi, na mtoto pia aje, huwa tunataka kumwona na kumuuliza yeye mwenyewe anajisikiaje.