Albamu ya kwanza ya Rage haina DJ, tuelewane

Nimechoka na huyu DJ. Kila nikiweka albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine, bendi ya Los Angeles ya roki na rap, hapa kwenye meza yangu ya kutengeneza magitaa lazima atokee mtu, tena mara nyingi mwenye masikio mazuri tu, asikie zile kelele za kukatika na kukwaruza, aniulize DJ wao alikuwa nani. Wiki hii ni kijana mpiga besi, nikamwambia hakuna, akanitazama kama namficha kitu. Haya, naandika mara moja, siku nyingine natuma linki.

Bendi ilikuwa watu wanne. Zack de la Rocha alirapu, Tim Commerford besi, Brad Wilk dram, Tom Morello gitaa, basi. Albamu ilitoka Novemba 1992 na wenyewe wameandika kwenye karatasi ya ndani kwamba hakuna sampuli (vipande vya rekodi nyingine), kinanda wala sinthesaiza (mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme) iliyotumika. Walijua mtasema.

Sasa zile kelele mnazodhani ni za DJ. Chukua gitaa lenye pikapu mbili, yaani zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti, kila pikapu na volyumu yake, na swichi ya kuchagua. Volyumu moja izime kabisa, nyingine ifungue yote. Bana noti kwa mkono wa kushoto, wa kulia uchezeshe swichi: sauti ipo, haipo, ipo, haipo. Ampu ikiwa na distoshen ya kutosha, yaani ule mkwaruzo wa sauti iliyozidishwa, noti haifi haraka, kwa hiyo unachokatakata ni sauti inayoendelea kulia, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana sisi tumezoea gitaa kila noti ianze na ule mlio wa piki, kile kiplastiki cha kupigia, kugusa uzi, ukiuondoa huo mlio ubongo unaanza kutafuta mashine. Sikiliza mwanzo wa wimbo wa Know Your Enemy taratibu, weka hedfoni, utasikia noti haianzi upya, inafunguliwa tu. Muda wa kuifungua ndio kazi yenyewe. Kijana akija hapa anachezesha swichi haraka haraka anadhani kasi ndio ujanja, wapi, inatoka kama waya mbovu. Morello anaipiga kwa kufuata hai-hati ya Wilk, yale matoazi mawili ya dram, ndio maana inadundika.

Ile ya kukwaruza kama santuri ni hiyohiyo swichi, ila mkono mwingine haubani noti, unasugua nyuzi juu ya pikapu, mbele na nyuma. Na hapa niseme kitu: wengi wanaoniletea hadithi ya DJ wa albamu ya kwanza kichwani wana solo ya wimbo wa Bulls on Parade, na hiyo ni 1996, albamu ya pili! Nayo pia ni gitaa. Lakini angalau tubishane kuhusu albamu moja.

Kuna upande wa pili nao wananiudhi karibu sawa, wale wa "kila kitu ni mikono mitupu". Polepole. Solo ya wimbo wa Killing in the Name, albamu hiyohiyo ya kwanza, inapita kwenye Whammy, pedali ya DigiTech, unakanyaga na noti inapanda oktavu nzima bila kidole kusogea. Ndani ya hiyo pedali ni dijitali, inaichukua noti yako inaikokotoa upya. Sio sampuli, sio kinanda, sawa, karatasi haijadanganya. Mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi kipimo ni rahisi, kama ukiacha kupiga na yenyewe inanyamaza basi ni gitaa. Shida ni kwamba sinthesaiza ya gitaa nayo hunyamaza ukiacha kupiga, kwa hiyo kipimo changu kinavuja na sijapata kingine. Nikiulizwa gitaa linaishia wapi kwenye ile solo, nacheka nabadilisha mada.

Wale wa "nilikuwa nawapenda kabla hawajaingiza siasa" nitapita mbio. Jalada la mbele ni mtawa Thích Quảng Đức anajichoma moto Saigon mwaka 1963, picha ya Malcolm Browne. Ulidhani ndani kuna nyimbo za mapenzi? Wimbo wa Township Rebellion unaitaja Johannesburg, wakati huo Mandela ametoka jela lakini uchaguzi wa 1994 bado. Aprili ya 1992 mahakama iliwaachia polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani mweusi, na Los Angeles ikawaka kwa ghasia, na hawa ni vijana wa mji huohuo. Maneno ya Killing in the Name ni machache kweli, yanarudiwa mpaka basi, na mimi naona ndio sababu umati unaweza kuyaimba wote kwa pamoja. Wanaolalamika kwamba albamu ya siasa hivi ilitolewa na Epic, yaani Sony, kampuni kubwa, nawapa nusu ya hoja. Nusu tu.

Na Wakenya wenzangu, ndio, baba yake Morello ni Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia wetu. Lakini Tom kalelewa Illinois na mama yake, msianze kuniambia mnasikia benga kwenye rifu (vipande vya gitaa vinavyorudiwa) za wimbo wa Bombtrack. Nimetega sikio. Hakuna benga.

Mwisho, kwa wale mtakaonipigia simu kesho: gitaa lako likiwa Strat, yaani Fender Stratocaster, usihangaike na swichi. Strat ina volyumu moja kwa pikapu zote tatu, popote utakapoiweka swichi sauti ipo. Naweza kukuwekea kitufe cha kukata sauti, ni kutoboa na kuunga waya mbili, ila kitufe kinakata ukiwa umekibonyeza na ukiachia sauti inarudi, tofauti na swichi inayokaa pale ulipoiacha, kwa hiyo mkono itabidi ujifunze upya. Na ukileta, njoo na nyuzi mpya, hizo za kutu siziungi tena.