Kuchagua chakula ukiwa mtu mzima: ni nini hasa, na kwa nini watu huiita maringo

Kuchagua chakula ni ile hali ya mtu mzima, ana kazi yake na nyumba yake, kuwa na vitu vichache sana anaweza kula, na zaidi ya hapo mwili unakataa. Sisemi yule amechoka na ndengu za kila siku, hiyo hata mimi. Nasema mtu ambaye ukimwekea omena koo linafunga akiona tu yale macho, ama akiagiza chapo madondo kwa kibanda anayatenga madondo moja moja pembeni ya sahani juu lile ganda likigusa ulimi anaskia kutapika, na amekuwa hivyo tangu akiwa mdogo. Watu wa Pwani wana neno lake, mteuzi, na methali iko hapo hapo, mteuzi haishi tamaa. Sisi wa Nairobi tunasema tu, huyu anaringa.

Hilo neno ndilo linaniuma. Maringo mtu anaweza kuyaacha akitaka.

Tuanze na ulimi. Mwaka wa 1931 kule Marekani mkemia anaitwa Arthur Fox alikuwa kwa maabara ya kampuni ya kemikali ya DuPont anashughulika na unga fulani unaitwa PTC, ukapeperuka hewani, mwenzake akalalamika mdomo umekuwa mchungu kabisa na Fox mwenyewe hakuskia chochote. Vumbi ni ile ile, chumba ni kile kile, mmoja anatema na mwingine anashangaa anatema nini. Baadaye sana, 2003, wanasayansi wakapata jeni inayohusika, yaani kile kitu mtu anarithi kutoka kwa wazazi, inaitwa TAS2R38, na hiyo hiyo ndiyo inafanya watu wengine waskie uchungu zaidi kwa mboga za jamii ya kabichi. Sukuma wiki iko kwa hiyo jamii. Sasa fikiria huyo mtu amezaliwa Nairobi, mahali sukuma iko kwa sahani karibu kila jioni, na kila jioni anaambiwa haina uchungu wowote, acha kudeka. Dania pia ni hivyo, kuna watu ikiwa kwa kachumbari wanaskia ladha ya sabuni, na utafiti wa 2012 uliunganisha hiyo na jeni za kunusa. Wala si eti nyanya zetu hawakujua ulimi unatofautiana, managu ilikuwa inalowekwa maziwa usiku mzima ama inachanganywa na terere kwa sababu kila mtu alijua ni chungu na kuna watu kwa hiyo nyumba haitapita.

Lakini ladha ni sehemu ndogo tu. Ukiongea na watu wa hivi wengi watakuambia shida ni venye chakula kinahisi mdomoni. Mrenda ni mfano mzuri, mwingine anaipenda kwa sababu ya ule utelezi na mwingine ule utelezi ndio unamshinda. Kuna mwenye anakula viazi vizuri, mahindi anakula, lakini ukivipondaponda pamoja viwe mukimo hagusi, juu hajui ni nini kitakutana na jino. Wanapenda kitu ambacho leo kiko vile kilikuwa jana, ndiyo maana unakuta mtu wa miaka 35 anakula chipsi na mayai kila lanchi na watu wa ofisi wanadhani ni utoto. Ni kinyaa, kile kile ungeskia wewe ukiambiwa tafuna kitu kimeoza, na kinyaa hakingoji umalize kufikiria.

Ikizidi sana kuna jina la kidaktari, ARFID. Iliingia kwa DSM-5, ule mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, mwaka wa 2013, na Shirika la Afya Duniani likaiweka kwa orodha yake ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022. Kabla ya hapo kwa vitabu ilihesabiwa kama shida ya watoto wadogo, mtu mzima hakuwa na pahali. Haihusiani na kutaka kuwa mwembamba. Mtu anakosa chakula mpaka kilo zinapungua, ama damu inapungua, ama anaishi kwa vidonge vya vitamini, ama maisha yake na watu yanaharibika, na sababu inaweza kuwa hiyo ya ladha na utelezi, ama kuogopa kusakamwa na kutapika, ama tu haskiangi njaa. Na hao madaktari wenyewe wameandika wazi kwamba mtu ambaye hali kwa kukosa chakula, ama kwa sababu ya dini na mila yake, hayumo. Wateuzi wengi hawafiki hapo kabisa, lakini ukiona mtu wako anakonda mpeleke hospitali badala ya kumuongezea sahani.

Sasa hiyo ya mila ndiyo nataka tukae nayo kidogo. Zamani Wamaasai hawakula samaki, Wakikuyu wengi pia hawakula, na mpaka leo unapata mzee Mkikuyu hawezi kaa meza moja na tilapia. Kwa Waluhya kulikuwa na nyumba ambazo wanawake hawakuruhusiwa kuku. Hakuna mtu aliwaita hao watu wa maringo. Mkikataa wengi ni desturi na watu wanaiheshimu, lakini ukikataa peke yako unaulizwa ulilelewa wapi. Tumbo ni lile lile na kinyaa ni kile kile, tofauti ni kwamba mmoja ana ukoo nyuma yake na mwingine amekaa pale na sahani yake.

Naelewa hasira inatoka wapi, sitajifanya sielewi. Nairobi hii watu wanalala njaa, na wengi wetu tulikula githeri ya bording yenye wadudu na tukanyamaza, kwa hivyo mtu akisukuma sahani tunaona anatukana ile njaa yetu. Na kwetu chakula ndio karibu yenyewe, ukikataa chakula cha mama wa watu umemkataa yeye. Mchaguzi anajua haya yote, ndiyo maana anakula nyumbani kabla ya kuja, anasema ana vidonda vya tumbo, anakosa harusi, wengine wanakaa miaka bila kupeleka mtu wa maana nyumbani kwao. Na kumlazimisha hakusaidii, kunaongeza hofu tu, sahani inayofuata anaiona kama vita. Wanaofaulu kuongeza vitu huenda pole pole, kipande kidogo, wakiwa peke yao bila macho ya watu, na ni kwa sababu wao wenyewe wametaka.

Dadangu ni hivi. Mara ya kwanza kuenda ushago kwa wakwe alikuwa amelia kwa gari kutoka Nairobi mpaka Naivasha, akijua kutakuwa na mboga za kienyeji na matumbo na atatazamwa. Ikawa hivyo, shangazi wa shemeji akasema kwa sauti kwamba huyu msichana wa mjini atawasumbua. Mama mkwe akaangalia ile sahani haijaguswa, akamwita jikoni wawili tu, akamuuliza, "Mama, wewe hula nini?" Akasema ugali na mayai, yakikauka vizuri. Mama mkwe akafungua kabati akatoa mayai manne, na dadangu akasimama hapo jikoni akala yote.