Vyumba vya bei nafuu Arusha: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kila nikisema najenga vyumba vya kupangisha huku Muriet kwa familia za kipato kidogo naambiwa yaleyale, kwa hiyo leo naandika.

Linaloniuma kuliko yote ni hili, eti mpangaji wa hali ya chini ni msumbufu, halipi. Jamani! Nina mama mmoja anauza ndizi soko la Kilombero, saa kumi usiku ameshaamka, huu mwaka wa tatu yuko kwangu na watoto wawili na hajawahi kunikwepa hata siku moja. Kinachowashinda watu kama yeye sio elfu 50 ya mwezi, ni laki 3 ya miezi sita kwa mkupuo, halafu dalali naye anasubiri kodi ya mwezi mzima, hapo hata kitanda hajahamisha. Hela yake inaingia kwa siku, mvua ikinyesha hauzi, sasa hiyo laki 3 aitoe wapi? Kwangu kila Jumamosi jioni anatoa alichopata, elfu 10, elfu 15, naandika kwenye daftari, anasaini na mimi nasaini, mwezi ukiisha imetimia. Na miezi sita sio sheria, ni mazoea yetu tu wenye nyumba. Ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, tangu hapo mnachokubaliana kwenye mkataba ndo kinawabana wote wawili.

Wengine wanasema ukishusha kodi unakula hasara. Haya piga hesabu. Chumba cha elfu 50 kikikaa bila mtu miezi miwili, mwaka mzima umepata laki 5. Ukikitoa kwa elfu 45 na mtu akakaa miezi yote 12, ni laki 5 na elfu 40, na hujapaka rangi upya wala hujabadilisha kitasa.

Halafu kuna wanaoamini cha bei nafuu lazima kilipuliwe, yaani unamwambia fundi apunguze saruji na nondo. Hapo ndo watu wanaharibu kabisa. Ukikuta udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba masika, ukabana kwenye msingi, ukuta utakuchanikia na utalipa mara mbili. Pa kuokoa ni kwenye ramani. Vyumba sita vya mita 3 kwa 3 kila kimoja kikisimama peke yake unajenga mita 72 za ukuta, ukiviunganisha kwa mstari mmoja vikachangia kuta ni mita 57, na bado kila chumba kinapata dirisha mbele na nyuma. Kuna na yale matofali ya kufungamana ambayo wakala wa serikali wa utafiti wa Nyumba Bora wameyahimiza miaka mingi, udongo na saruji kidogo vinashindiliwa kwenye mashine, hayachomwi kwa kuni, na udongo wa kwenye kiwanja chako ukifaa unautumia huohuo, ila upimwe kwanza, usikubali fundi akuambie kwa macho tu.

Na hii ya kwamba kujenga nyumba za bei nafuu ni kazi ya Shirika la Nyumba la Taifa, mimi sikatai, shirika lipo tangu 1962 na limejenga, lakini zunguka Ngarenaro, Unga Limited, Daraja Mbili, uulize nyumba hizi ni za nani. Za watu binafsi, chumba baada ya chumba.

Mwisho umeme, maana ugomvi wa wapangaji mara nyingi unaanzia hapo na watu wanadhani ni tabia zao mbaya. Sio tabia, ni mita moja ya LUKU kwa familia sita, mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa, na tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme anamlipia mwenye nyumba bila kujua. Mimi nimefunga sabmita, yaani mita ndogo, kila chumba, na ile kodi ya jengo naitoa mwenyewe, ipo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.