Kabla ya Kununua Kontrola, Geuza Paneli

Nimeletewa tena. Boti ya watalii ya Nungwi, paneli ya wati 250 juu ya kivuli, kontrola (kile kifaa kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji) ya aina ya PWM ya ampea 30, betri ya pili inakufa na mwaka haujaisha. Nahodha ana hesabu yake: "Fundi, ampea 30 mara volti 12 ni wati 360. Paneli 250. Si inatosha na kubaki?" Hesabu hiyo nimeshaisikia Malindi na Mkokotoni, na kila nikiisikia kuna betri ya mtu imeshalala.

Tukaigeuza paneli. Kibandiko cha nyuma: volti 30.5 ikiwa kazini, 37.6 ikiwa wazi, haijaungwa na kitu, ampea 8.2. Hiyo ni ya seli 60, paneli ya paa la nyumba. Sasa sikilizeni: PWM haibadilishi volti. Ni swichi tu, inaunga na kukata. Betri ikiwa na volti 13, inaivuta paneli ishuke nayo, na ampea zinabaki zile zile nane. Nane mara 13 ni wati 104. Nilibana klampu, mita ya ampea, kwenye waya saa saba mchana, jua la kaskazi limesimama utosini, ikasoma 7.9. Zaidi ya nusu ya paneli aliyoilipia haikufika kwenye betri hata siku moja. Ile 30 ni kiwango cha juu ambacho kontrola inavumilia, haisukumi 30. Kwa paneli ile dawa ni MPPT, kontrola ya aina nyingine ambayo hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Angepata 15 au 16.

Lakini wapo na wale wanaosema MPPT inaongeza asilimia 30 popote uifungapo, nao wananichosha vile vile. Paneli ndogo ya "volti 12" imeandikwa volti 18, iliyopimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya boti mchana seli zinafika nyuzi 60 na zaidi, volti zinashuka hadi karibu 15.5, na betri yenyewe inataka 14.4. Kilichobaki cha kuokoa ni nini? Kwa paneli ya wati 100 mita yangu inaonyesha ongezeko la nusu ampea hivi. Betri ikiwa chini sana, au asubuhi paneli haijapata moto, faida inaongezeka kidogo. Nimewahi kumfungia mvuvi MPPT kwa paneli kama hiyo, na mpaka leo nasita kusema pesa yake ilirudi.

Kuunga: betri kwanza, paneli mwisho, kwa sababu kontrola nyingi husoma betri ndipo zijue mfumo ni wa 12 au 24. Kufungua ni kinyume chake. Fyuzi kwenye chanya, shibiri moja kutoka betri. Hilo halina mjadala.

Kilichoua betri za nahodha hasa ni mahali pa kontrola. Aliifunga kwenye usukani ili aone taa zake, kisha mita sita za waya wa milimita 1.5 hadi betri kule tezi. Kwenye kontrola nilisoma 14.4. Kwenye vichwa vya betri, 13.2. Kontrola inaamini betri imeshiba na kuanza kuipunguzia, huku salfeti, ule ukoko wa betri isiyoshiba, inaganda kwenye sahani za ndani. Kontrola ikae jirani na betri, waya mrefu uwe wa paneli. Ila msiifungie ndani ya sanduku moja na betri ya maji, ile hewa inayotoka inalipuka.

Na hasi ya paneli msiipige kwenye injini. PWM nyingi za bei ndogo hukata upande wa hasi. Hasi ya betri iko kwenye injini tayari, kwa hiyo ukiunganisha umeiruka kontrola, na betri itachemka mpaka ikauke.

Nahodha aliuliza aanze na nini. Nikamwambia waya. Tumehamisha kontrola hadi tezi, tumeweka waya wa milimita 10, MPPT ataleta akipata pesa. Jana nimepima: kontrola 14.4, betri 14.3.